Sifa za Lafudhi Mbovu

Mwingereza mwenye mali aingiapo penye kuuzwa magari akauliza bei ya Porsche, jina lile aghalabu hulikata mkia: Mjerumani hulitamka kwa silabi mbili, Por-she, kwa kuwa ndilo jina la ukoo wa Ferdinand Porsche, naye mnunuzi wetu husema Posh, silabi moja tu, kisha akafumba kinywa kwa utulivu mkubwa. Muuzaji hamsahihishi. Humvutia kiti, humwagizia kahawa, na akiwa hodari wa kazi yake yeye pia husema Posh mpaka hundi itiwe saini. Kosa hili, ambalo wajuzi wa lugha wamelilaani kwa dahari bila ya kulipunguza hata chembe, ndilo ninalokusudia kulisifu, kwa kuwa fadhila zake ni nyingi na mtetezi wake sijapata kumwona.

Ukarimu wake hauna kifani. Jina la ugenini hushuka bandarini likiwa na nukta na vistari kichwani, haya na wasiwasi usoni, na wenyeji hawaliulizi cheti. Hulivua vile vistari, hulivika vazi la nchi, na tangu siku hiyo huwa mtu wa nyumbani. Ingvar Kamprad alipoasisi IKEA mwaka 1943, alizikusanya herufi za mwanzo za majina yake mawili, za shamba la Elmtaryd na za kijiji cha Agunnaryd, na Waswidi wenziwe hulitamka kama lilivyoandikwa. Lakini London na Chicago ni Aikia, na kwa jina hilo la kupanga mume na mke hugombana Jumapili nzima juu ya skrubu iliyozidi. Adidas nayo imetokana na Adi Dassler, na kwao Ujerumani mkazo huwekwa penye silabi ya kwanza. Waamerika wameuhamishia ya pili, kwa nguvu ambayo, laiti marehemu angaliitwa hivyo njiani, sidhani kama angaligeuka.

Wako wanaonung'unika kwamba jina la mtu ni heshima yake, na kulipotoa ni kumvunjia hadhi. Hao nawaomba wamtazame Heinrich Nestle, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1814, akahamia Vevey katika Uswisi ya wasema Kifaransa, na huko akajifanya Henri na kulitia jina la baba zake kikolezo juu ya herufi ya mwisho. Basi wazee wa Kiingereza waliokuwa wakinunua chokoleti yenye jina lake na kuiita Nesel walikuwa wakiiendeleza tu kazi aliyoianza mwenye jina kwa hiari yake.

Tena kosa hili huwashusha wenye kiburi, jambo ambalo hata elimu huliweza kwa nadra. Katika karamu moja mgeni mnyonge atasema anapenda Moët, akaitamka ile t ya mwisho, na jirani yake aliyewahi kulala Paris usiku mmoja atamwinamia kwa huruma na kumnong'oneza kwamba Wafaransa hawaitamki. Maskini jirani! Katika nyumba yenyewe ya Moët & Chandon, pale Épernay, t hiyo husikika waziwazi. Mjinga amepata kwa ujinga wake, na msomi ameangushwa na usomi, wala hapana mtu aliyepigwa.

Lakini kilele cha mambo haya kiko Bronx, katika jiji la New York, ambako Reuben Mattus na mkewe Rose walitengeneza aiskrimu nzuri, wakaona haitapata bei stahiki kwa jina la kawaida. Wakabuni Häagen-Dazs, ili ivume kama kitu cha Denmark. Kidenmaki hakiitumii ile ä, wala hakina mazoea ya kufuatanisha z na s. Jina lile halina maana katika lugha yoyote. Waamerika wakawa wakilitamka kwa tahadhari, wakichelea kuonekana washamba, na hapakuwa na mwenyeji wa Denmark aliyeweza kuwasahihisha, maana naye alikuwa akibahatisha. Watu walilipa zaidi ili wapate fursa ya kukosea. Mlinganishe Mattus na George Eastman, ambaye mwaka 1888 alisajili Kodak, neno alilolibuni kwa makusudi ili lisiwezekane kutamkwa vibaya, na hivyo akawanyima wateja wake starehe hiyo yote. Mwaka 2012 kampuni yake iliomba hifadhi ya mahakama kwa kulemewa na madeni. Wachumi husema ni kamera za kidijitali; mimi nina dhana yangu.

Hyundai nao, mwaka 2023, walitoa matangazo ya kuwafunza Waingereza waache kusema Hai-un-dai. Nawatakia subira.

Sisi wa Kiswahili tumedhulumiwa kidogo katika neema hii, kwa sababu ya uaminifu wa irabu zetu. Mwamerika husema Naiki, Waingereza wengi husema Naik, na Mswahili asiyejali, akizisoma herufi alivyozikuta, husema Nike, na hapo hapo akawa amemkaribia Mgiriki wa kale, aliyemtukuza Nike, mungu wa kike wa ushindi, kuliko mkurugenzi yeyote wa kampuni hiyo aliyeko Oregon. Usahihi wa bure namna hii hauna ladha. Alhamdulillahi, tulijaliwa Peugeot: jina la herufi saba ambalo Mfaransa hulitamka kwa kuchongoa midomo, nasi tukalifanya Pijo, likapanda Bonde la Ufa na kushuka, likijaza abiria ndani na magunia juu, na fundi akiagiza kipuri cha Pijo aliletewa kile kile kilichotoka Ufaransa, kikaingia mahali pake bila ya kinyongo.