Namna ya Kutandaza Waya za King'ora Kirongwe

Kwanza, chora ramani ya nyumba. Tia alama kila mlango, kila dirisha, na pale paneli itakapokaa. Usimwonyeshe mtu. Kufika adhuhuri kijiji kizima cha Kirongwe kitajua dirisha lipi umelisahau, na wazee wa barazani watakusahihisha kwa upole.

Pili, waya uwe wa shaba tupu, wenye nyuzi sita: mbili za umeme wa volti 12, mbili za kutoa taarifa, mbili za kulinda kifuniko cha kifaa kisifunguliwe. Pima urefu, kisha ongeza. Waya ukikosekana mjini Kilindoni utaagizwa Dar es Salaam, utavuka bahari kuja kisiwani kupitia bandari ya Nyamisati, na ukifika utakuwa na nyuzi nne. Pokea, shukuru.

Tatu, kila kifaa kiwe na waya wake hadi kwenye paneli, bila kiungio njiani, na uwe mbali na waya wa volti 230, maana huo huweza kuuingizia umeme usiotakiwa, na king'ora kikalia bila mwizi. Fundi atakubali kila neno. Ukienda kumwandalia chai, atazipitisha waya zote, pamoja na ule wa volti 230, katika bomba moja, kwa kuwa tundu lipo tayari. Na chai lazima uandae.

Sasa rizista. Hapa kaa kitako. Kidude hiki hufungwa mwisho kabisa wa waya, ndani ya kifaa cha mlangoni, ili paneli ipime ukinzani: waya ukikatwa, ukinzani unapanda, nyuzi zikigusanishwa, unashuka, yote mawili hupigiwa yowe. Fundi mwenye haraka huifunga ndani ya paneli, ambako hakuhitaji ngazi. Taa ya kijani itawaka. Majaribio yatafaulu, utamlipa. Siku mwizi atakapozigusanisha nyuzi za mlangoni, paneli itaiona rizista yake salama pale pale ilipo, na taa itabaki kijani. Kwa hiyo muulize fundi: rizista umeziweka wapi? Atajibu, “Zipo.”

Kitambuzi cha mwendo husoma joto linalotembea; hakiulizi la nani. Paka atakiamsha, na komba akishuka kwenye maembe yako ndani, naye pia. Usiku wa kwanza majirani watakuja na tochi na marungu. Usiku wa tatu watageukia upande wa pili.

Umeme ukikatika, kuna betri. Itunze. Siku ya Simba na Yanga itakuja kuazimwa kwa ajili ya redio, na kumnyima jirani betri ni uchoyo ambao hakuna king'ora kitakachokulinda nao.

Ukisafiri, washa mfumo, funga mlango, mwachie jirani ufunguo kama watu wote. Mpe na namba ya siri. Ataiandika mlangoni kwa chaki, asije akaisahau.