Jalada la Mheshimiwa

Kwa mkusanyaji wa mabango ya kampeni, mji wa Isinya, Kajiado, ni ghala lisilo na mlinzi. Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulipita, lakini nyuso hazikuacha kutabasamu kwenye nguzo za stima na kuta za maduka kando ya barabara ya Namanga. Mara nyingine bango ndilo kitu pekee cha mheshimiwa kinachobaki na wananchi.

Ukitaka kulihifadhi, chagua jalada pana kuliko bango lenyewe. Bango la A2 lina sentimita 42 kwa 59.4; ukilikunja, mkunjo utampita mgombea usoni, naye alijinadi kwa msimamo ulionyooka. Epuka plastiki ya PVC, maana ikizeeka hutoa asidi. Tafuta jalada la poliesta au la kadibodi isiyo na asidi. Tenganisha mabango kwa karatasi safi, la sivyo unyevu utauhamisha wino wa chama kimoja hadi kingine. Kazi ya kuhama waachie wagombea wenyewe; hawajawahi kuhitaji unyevu.

Lilaze jalada bapa, pakavu, mbali na vumbi na jua la Kajiado. Rangi hufifia juani. Ahadi hufifia hata gizani.

Wala usikawie. Kwa hesabu ya Katiba, uchaguzi unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027, na gundi mpya haiulizi chini yake yuko nani. Panga mabango yako kwa miaka, uyasome yote usiku wa kuamkia kura, ndipo uende kituoni.