Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Bumu: Tunaomba Cheti cha Njaa

Kwa wakubwa wenye dhamana ya bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi,
Popote mlipo, mpokee simu au msipokee.

YAH: OMBI LA CHETI CHA NJAA KWA WANAFUNZI WA MBEYA NA IRINGA

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Kwanza tunawapa pole na kazi. Kuchelewesha bumu muhula baada ya muhula, na kila mara mkawa na maelezo mapya, si kazi ya mvivu. Ofisi moja inasema fedha zimeshatumwa, ya pili inasema hazijasoma, ya tatu mfumo uko kwenye maboresho. Sisi wa Iyunga, Mbeya, na wenzetu wa Mkwawa, Iringa, tumeamua kuamini kwamba fedha zinakuja na lori, na lori limezimika mlima Kitonga.

Mwaka 2020 mnaukumbuka. Machi 17 shule zikafungwa kwa ajili ya corona, kesho yake vyuo. Tukabeba mabegi: wa Kyela Kyela, wa Makete Makete, wa Kilolo Kilolo. Geto tuliloacha, ndani kuna godoro na ndoo tu, liliendelea kudaiwa kodi, maana mwenye nyumba hakuwa karantini. Juni 1 tukarudi, baridi ya Mbeya imeshashuka, barakoa ya kununua, maji tiririka kila mlango. Kiwango cha chakula na malazi kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Nyongeza hadi 10,000 ilikuja mwaka wa masomo 2022/23. Barakoa haikuwamo kwenye hesabu, wala kodi ya geto lisilo na mtu. Tulinawa mikono kuliko kizazi chochote cha nchi hii, na kwetu mtu akishanawa husubiri sahani.

Kwa kuwa hamwamini kitu hadi kihakikiwe, tunaomba njaa yetu nayo ipewe cheti.

Fomu iwe ya kurasa nane. Mwombaji ajaze aina ya njaa: ya kawaida, ya mtihani, au ya pasi ndefu, ule mlo mmoja wa saa kumi jioni unaounganisha mchana na usiku. Abandike picha mbili za pasipoti, mandhari ya bluu, moja ameshiba na moja ana njaa. Ile ya kushiba iruhusiwe kuwa ya kabla ya kujiunga na chuo. Mtendaji athibitishe kwamba tumbo hilo analifahamu na ni mkazi wa mtaa wake. Mama ntilie aambatishe nakala ya daftari la madeni, ukurasa ule ambao wali maharage wa Machi uliandikwa kwa kalamu ya bluu na wa Juni kwa nyekundu. Wakili agonge muhuri kwamba nakala ni ya njaa halisi. Kisha mwombaji alipie kwa kontroli namba, na tumbo lipelekwe kuhakikiwa: afisa ainame, atege sikio, aandike. Likinguruma kwa Kihehe au Kinyakyusa, liambatishe tafsiri iliyothibitishwa na mahakama. Cheti kidumu siku tisini. Njaa itakayozidi hapo ianze maombi upya.

Mnacheka? Yatima wa nchi hii akiomba mkopo anaambatisha cheti cha kifo cha mzazi, na RITA, wakala wa usajili, wakikihakiki kwanza. Kijana ametoka kidato cha sita juzi, anazunguka na bahasha akithibitisha kwamba baba yake kweli amekufa. Umaskini wetu hamuusadiki mpaka upigwe muhuri, lakini deni letu mnalisadiki bila shahidi. Ukipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla hujaishika, na mwajiri akichelewa kuwasilisha, sheria inamwadhibu. Hapo mfumo hauna maboresho. Hapo Kitonga hakuna lori lililozimika. Fedha zinazotoka mifukoni mwetu zinaijua njia, zinazokuja kwetu ndizo zinazopotea. Huu ni uonevu, na hatuna neno la adabu zaidi la kuuita.

Tuwieni radhi, wakubwa wetu. Ni njaa isiyo na cheti ndiyo iliyoshika kalamu.

Maombi mengine ni madogo. Bumu lisindikizwe na king'ora kutoka Mikumi hadi Uyole. Parachichi la Rungwe litambuliwe kuwa mlo kamili. Anayetangaza kwamba fedha zimetoka, akatangazie kibandani kwa mama ntilie. Na wenzetu wa stashahada, ambao mwaka ule wa corona hawakuwamo kwenye mkopo na wakaja kufunguliwa mlango 2023/24 kwa baadhi ya fani tu, wapewe walau fomu ya kujaza walichokosa.

La mwisho si mzaha. Adhabu anayopewa mwajiri kwa kuchelewesha makato, apewe na mkubwa anayechelewesha bumu. Iandikwe kwenye sheria ileile, jina la cheo chake litajwe, na siku za kuchelewa zihesabiwe kama mnavyotuhesabia sisi. Na siku ugonjwa mwingine ukifunga vyuo, tulipeni kwanza ndipo mfunge lango.

Ni sisi wadaiwa wenu watarajiwa,
Mbeya na Iringa.