Mwanamume wa Pauni 18

Shemeji yangu hajawahi kushika upinde, lakini aliposikia nataka kununua mmoja alitoa amri papo hapo: nisikubali chochote chini ya pauni 50. Pauni hizo si uzito wa upinde wenyewe. Ni nguvu unayohitaji ili kuuvuta upote mpaka kidevuni. Shemeji hakulijua hilo, alidhani tunazungumzia uzani wa kubeba, na hata baada ya kueleweshwa hakulegeza msimamo. Mwanamume ni pauni 50, basi.

Kocha wetu, msichana mwembamba asiyependa maneno mengi, alinipa upinde wa klabu wa pauni 30 akaniambia nivute, kisha nishikilie hapo akihesabu hadi 20. Kwenye 6 kiwiko kikaanza kutetemeka. Kwenye 9 mtetemo ulikuwa umeteremka hadi magotini, sehemu ambayo sikujua ina uhusiano wowote na upinde. Kwenye 11 kocha akaacha kuhesabu, nadhani kwa kunistahi. Akafungua skurubu mbili, akatoa mabawa (ndivyo tunavyoviita klabuni vile vipande viwili vinavyopinda, cha juu na cha chini), akafunga mengine. "Mzee," akasema, "tuanze na 18."

Kando yangu alisimama mtoto wa gredi ya sita, bado amevaa sare ya shule. Yeye alikuwa anavuta 24, na kati ya mshale na mshale alikuwa anakula mandazi.

Nilipompa shemeji habari hizo, alinipa pole. Jumamosi akaja klabuni mwenyewe kunitetea. Alikuwa amejiandaa: alimweleza kocha kuhusu Waata wa Tsavo, ambao pinde zao za kuwindia ndovu zilizidi pauni 100. Kocha alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ni kweli kabisa, ila wale walianza kuvuta wakiwa watoto, na kazi kubwa ilimalizwa na sumu. "Sasa nyinyi," akauliza, "ndovu wenu yuko wapi?"

Shemeji akatazama uwanjani. Mita 10 mbele yetu kulikuwa na karatasi ya duara iliyopigiliwa kwenye sponji.

Hili la pauni watu hulichukulia kama heshima ya ukoo, ndiyo maana wanaoanza hununua upinde wasioweza kuuvuta. Hata wanaume wa Olimpiki, wengi wao huvuta karibu pauni 45 hadi 50, baada ya miaka ya mazoezi. Na hawavuti mara moja wakapigiwa makofi. Raundi ya kupanga nafasi peke yake ni mishale 72, mita 70, ukitafuta kiini cha sentimita 12.2. Shehzana Anwar, aliyepeperusha bendera ya Kenya kule Rio mwaka 2016, hakufika pale kwa kubishana kuhusu uanaume.

Urefu wa upinde nao hauulizwi mtu, unaulizwa ukuta. Unaegemea ukutani, unanyoosha mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani, unapimwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha unagawa inchi hizo kwa 2.5. Mimi nilitoka na 71, ikawa mvuto wa inchi 28 na ushei, na upinde wa inchi 68. Shemeji akapimwa pia, bila kuombwa. Mikono yake ni mifupi kuliko yangu. Tangu siku hiyo anasema fundi aliikata vibaya ile futi ya kamba.

Kisha likaja suala la jicho. Unatengeneza tundu dogo kwa viganja viwili, unatazama kitu cha mbali ndani yake, unafumba jicho moja kisha la pili. Kitu kikitoweka, jicho ulilolifumba ndilo linaloongoza. Mimi ni mtu wa mkono wa kulia tangu kuzaliwa, lakini jicho langu kuu ni la kushoto. Kwa hiyo upinde wangu lazima uwe wa mashoto: unashikwa kwa kulia, unavutwa kwa kushoto. Shangazi yangu, ambaye mpaka leo hapokei hata chenji kwa mkono wa kushoto, aliuliza kama hakuna dawa ya macho.

Mpini wa mashoto hauazimiki kwa jirani, maana pale mshale unapokaa pamechongwa upande wa pili. Madukani ni adimu. Nikaagiza nje, nikaandika KUSHOTO kwa herufi kubwa. Ulipofika, afisa wa forodha aliugeuzageuza ule mpini wa aluminiamu akiuliza ni kipuri cha nini. Nikamwambia ni upinde. Akaniuliza ulipo huo upinde. Tulipomaliza hayo, nikafungua kasha nyumbani: wa kulia. Muuzaji alinijibu kwa upole kwamba wateja wengi hutumia mkono wa kulia, je, nisingependa kujaribu?

Uliporudishwa na kubadilishwa, nilisafiri nao kwenye matatu ndani ya mfuko mrefu. Makanga akaupigapiga na kuamua kwamba gitaa lazima lilipe kiti.

Mishale ilinichosha zaidi. Ina namba za ugumu, na namba hizo zinakwenda kinyumenyume: 400 ni mgumu, 1000 ni laini. Upinde mwepesi hutaka mshale laini, kwa sababu mshale hujipinda kidogo unapoondoka ili kuukwepa mpini. Ukiwa mgumu kupita kiasi unakwenda pembeni. Shemeji aliangalia namba zote akasema nichukue 1000, ndiyo kubwa. Akapatia. Hatujamweleza kwa nini, na kocha ameomba tusimweleze.

Vitu vidogo nusura nivipuuze vyote kwa sababu bei yake hailingani na ukubwa wake. Kile kingozi cha vidole, kwa mfano, ni kidogo kuliko ulimi wa kiatu. Lakini kikinga mkono nilikinunua siku ileile upote uliponichapa ndani ya mkono, ukaacha alama ya zambarau kutoka kwenye kiwiko kuelekea kifundo. Kazini, mama wa idara ya wafanyakazi alinivuta kando, akaniuliza kama nyumbani kuko salama. Nilipomwambia ni upinde, alitikisa kichwa kwa huruma, akaniandikia namba ya mshauri nasaha.

Mjomba wa mke wangu alikuja kutoka Kitui kututembelea, na kama ilivyo kwa Wakamba wengi wa umri wake, upinde si kitu cha kumfundisha. Nilimpa wangu aukague. Alivigusa vile vijiti virefu vya mbele vinavyotuliza mtikisiko, akaniuliza antena hizi zinashika stesheni gani. Lakini mshale hakuucheka. Aliuviringisha kati ya vidole, akafumba jicho moja kuangalia kama umenyooka, akapitisha kucha kwenye unyoya, kisha akaurudisha na kusema tu, "Huu ni mzuri."

Wakati huo shemeji akauchukua upinde, akauvuta mtupu, akajiandaa kuuachia. Mzee alimdaka mkono kabla sijapata sauti. Upote ukiachiwa bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye mabawa, na yanaweza kupasuka. "Kijana," mzee akamwambia, "huo si mlango." Shemeji ana miaka 44. Alisema hajaitwa kijana siku nyingi, na akakaa vizuri jioni nzima.

Sasa pauni 18 zimeanza kunilegea, kocha anasema nipande hadi 24. Jambo jema ni kwamba mpini unabaki uleule, na mabawa, tofauti na mpini, hayana kulia wala kushoto. Yule mtoto wa gredi ya sita amehamia 28, kwa hiyo yake yanauzwa. Yana stika za vipepeo, nne za dhahabu. Niliomba punguzo la shilingi mia tano kwa sababu ya hizo stika. Mama yake alisema stika zinaongeza bei.