Namna ya Kuruka Foleni Bila Kuzomewa

Wewe wa Kona ya Musa, najua unachotaka: kuingia kliniki saa moja asubuhi na saa tatu uwe umesharudi kwenye shughuli zako. Sogea nikunong'oneze.

1. Anza kitandani. Bonyeza *147# ujisajili kwenye bima ya afya ya SHA leo, ukiwa mzima. Bima hiyo ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Ukishasajiliwa, matibabu ya msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali hulipiwa na serikali. Kulazwa hospitali ya Msambweni ni habari nyingine. Huko mchango wako uwe umelipwa. Usingoje kujisajili dirishani, homa imekupanda na watu wanakusukuma mgongoni.

2. Iwahi siku yako. Jumatatu waachie waliougua wikendi, kama hali yako inaruhusu kungoja. Muulize nesi siku ya kliniki ya presha, ya sukari, ya wajawazito. Ukienda siku hiyo, dawa na vipimo vyako vimeshaandaliwa.

3. Beba daftari. Andika maumivu yalianza lini na dawa zote unazotumia, hata ile ya mitishamba uliyopewa na shangazi. Sista hatakucheka; anataka tu zisigongane na zake. Mwenye mtoto abebe kitabu cha kliniki: chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na surua miezi 9 na 18, zote zimo humo. Ukikiacha nyumbani, sista atafukua rejista ukurasa kwa ukurasa, na foleni nzima itakujua jina.

4. Tafuta namba nzuri ya presha. Kila mtu anaitaka, hata wewe. Usishuke kwenye bodaboda ukanyoosha mkono hapo hapo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda msalani, kisha kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini. Mkono ulale mezani usawa wa moyo. Namba itakayotoka ndiyo yako halisi, na huenda ikakuepusha na vidonge usivyovihitaji.

5. Usijitangazie malaria. Toa kidole. Tone moja la damu, dakika kama ishirini, jibu unalo. Aliyeanza kwa kununua dawa dukani hulipa mara mbili: dukani, na tena ugonjwa ukimrudia.

6. Usiulizie daktari mkubwa. Nesi ndiye anayepima, anayechanja, anayesafisha kidonda, na ndiye anayeamua nani atangulie. Msalimie, mweleze ukweli wote mara ya kwanza, na usiondoke kabla hajakuandikia tarehe ya kurudi. Iweke kwenye simu papo hapo.

7. Sasa ile ya kuruka foleni waziwazi. Mtoto ameshikwa na degedege au amekataa kunyonya. Mjamzito anatokwa na damu. Mtu anashindwa kupumua. Hapo usichukue namba, usione haya, usingoje kuitwa. Pita mbele ya wote na useme kwa sauti kuna nini. Sisi wa kwenye benchi tutakupisha, na asiyekupisha tutamwinua sisi wenyewe.