Inakubali, Bosi

Ukitaka kununua rimu na matairi mapya ya kigari chako, kwanza jihadhari na mlango wa dereva. Ukiufungua ukainama kidogo utakiona kibandiko kwenye nguzo, pale mlango unapofungia, na kibandiko hicho ni adui wa biashara. Kinataja saizi ya tairi ambayo kiwanda kiliikusudia kwa gari lako, pamoja na kipimo cha upepo, bure, bila kuomba hata hela ya soda. Kwa bahati nzuri Vitz yangu, ya lita moja, ile ya umbo la pili lililoanza kutoka mwaka 2005, ilitengenezwa iuzwe Japani, na kibandiko chake ni Kijapani kitupu. Kisingizio hicho kinatosha. Puuza kabisa ile namba iliyokaa katikati ya maandishi, 165/70R14, ambayo kwa inda tu husomeka Tandika vilevile inavyosomeka Tokyo.

Ukishaliepuka gari, tafuta washauri. Mimi nilianza na jirani mwenye Harrier, nikapita kijiweni kwa vijana wa bodaboda, nikamalizia kwa shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli lakini kwenye mambo ya magari hana mpinzani. Wote walisema neno moja: inchi 14 ni viatu vya shule, gari la mtu mzima linavaa 17. Hakuna aliyetaja kwamba injini itakayoyaburuza magurudumu hayo ina silinda tatu na nguvu za farasi 71. Mambo ya injini hayaonekani ukiwa umeegesha nje ya ukumbi wa harusi.

Basi Jumamosi moja nikateremka Kariakoo, upande wa Gerezani. Duka lilikuwa na rimu zimetundikwa ukutani hadi darini, zinameta kama sahani za kukodi.

"Karibu bosi. Gari gani?"

"Vitz."

Hakuuliza ya mwaka gani, na mimi sikuona haja ya kumchosha. Akaangalia juu, akatia upondo, akateremsha moja nyeusi yenye mdomo wa fedha. Akaizungusha kwa kidole kimoja. "Hizi hapa. Zinakubali."

Neno hilo inafaa tulisimamishe pembeni tulikague, maana ndilo linaloendesha biashara yote. Kwa lugha ya dukani, kitu "kinakubali" kikiweza kufungwa. Nani kakubali, haiulizwi. Kwenye gurudumu moja kuna wapiga kura wengi: nati, habu, breki, shokomzoba, fenda, hata barabara yenyewe. Lakini nati zikishakazwa, mshindi ametangazwa. Fenda akiwa na malalamiko atakata rufaa barabarani.

Tuwape nati haki yao. Vitz ina matundu manne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na hiyo ndiyo maana ya 4x100 unayoiona imechapwa mgongoni mwa rimu. Peugeot na Ford ndogo nyingi nazo zina matundu manne, ila duara lao ni 108. Tofauti ya milimita 8 ni unene wa penseli, na hakuna fundi wa kushindwa na penseli. Nilimwona mmoja akipanua tundu la rimu kwa tupa huku anapiga mluzi, mwenye gari kakaa kwenye benchi anakunywa soda, katulia kama vile gari hilo ataliendesha mtu mwingine.

Zangu zilikuwa 4x100 halali, nikajiona mjanja. Tundu la katikati sikulipima. Habu ya Vitz ina kipenyo cha milimita 54.1, na rimu ya kiwandani huikalia barabara, kama mfuniko na sufuria yake. Rimu za ukutani hutobolewa kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie kwenye magari ya kila ukoo, na pengo linalobaki huzibwa na ringi ndogo ya plastiki. Nikauliza kama ringi hizo zipo. Muuzaji akanitazama kwa huruma. "Za nini, bosi? Nati zinashika." Na kweli zilishika. Hadi 85 gari lilikuwa limetulia. Nilipofika 90, njia ya Bagamoyo, usukani ukaanza kunitetemekea mikononi kama mgonjwa wa malaria. Nikapiga balansi. Nikapiga tena. Balansi haikuwa na kosa lolote. Gurudumu zima ndilo lililokaa kando ya habu, kwa kiasi ambacho jicho halikioni ila mikono inakijua.

Sasa viatu vyenyewe. Mtu aliyebuni namna ya kuandika saizi ya tairi alikuwa na kinyongo na binadamu. Hiyo 165 ni upana kwa milimita. Hiyo 70 ni kimo cha ubavu, lakini si milimita 70: ni asilimia 70 ya ule upana. R ni namna nyuzi za ndani zilivyolazwa. Na 14 ni kipenyo cha rimu, kwa inchi. Fundi cherehani akikupimia kiuno kwa milimita, kimo kwa asilimia ya kiuno, na mguu kwa inchi, utaondoka na kitambaa chako. Ila hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Ubavu ni milimita 115.5, ziko mbili, juu na chini, jumlisha inchi 14 za rimu, ambazo ni milimita 355.6, unapata tairi lenye kimo cha milimita 587 hivi. Ukitaka kubadilisha, tafuta linalobaki karibu na hapo. 175/65R14 ina 583. 185/55R15 ina 584 na nusu, na inakupa rimu kubwa zaidi bila gari kujua. Lakini hayo ni mambo ya watu waoga.

Mimi nilipewa 205/45R17, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Kimo chake ni 616, sawa na asilimia 5 zaidi. Faida zake ni nyingi. Kila mzunguko wa gurudumu unakufikisha mbali kuliko dashibodi inavyofikiri, kwa hiyo mshale ukisema 50, wewe unaenda 52 na nusu. Viwanda huwa vinaufanya mshale useme zaidi kidogo ya ukweli, kwa hiyo huenda askari wa tochi asikupate. Huenda akakupata pia, na hapo ueleze habari za asilimia ukiwa umeshika karatasi ya shilingi 30,000. Upande wa pili, ukisafiri kilomita 100 gari litahesabu 95 tu. Atakayelinunua gari hilo baadaye atafurahi kuona limetembea kidogo. Wewe mwenyewe utalalamika kwamba siku hizi linakunywa sana, na kwa sehemu utakuwa unalisingizia: mafuta yanapimwa kwa lita za kweli, na kilomita kwa uongo. Sehemu nyingine ni kweli tupu, maana gurudumu la 17 ni zito, na silinda tatu zinalijua kila taa ikiwaka kijani.

Kuna na habari ya godoro. Ule ubavu wa milimita 115 ulikuwa ndio godoro la gari. Kwenye 205/45 umebaki 92. Sentimita mbili na kitu zimeondoka, na hutazikumbuka mpaka siku ya shimo. Shimo langu lilikuwa Tabata, limejaa maji ya mvua, limetulia kama sahani ya supu. Mlio haukuwa wa tairi, ulikuwa wa chuma. Fundi wa kunyoosha rimu aliniambia nisijali, hizi zinanyooka, na akanyoosha kwa nyundo na moto, rimu ikarudi duara kwa mtu anayeitazama kutoka mbali.

Fenda ndiye aliyechelewa kutoa hoja zake. Mgongoni mwa rimu, karibu na namba za matundu, huchapwa herufi ET na namba. Ni kifupi cha neno la Kijerumani, Einpresstiefe, na hueleza ule uso unaobanana na habu umekaa milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Za kiwandani zilikuwa karibu 40, upana inchi 5. Zangu mpya ziliandikwa 20, upana inchi 7. Milimita 20 za ET, ongeza 25 ambazo ni nusu ya ule upana uliozidi: gurudumu limetokeza sentimita nne na nusu. Nikiwa peke yangu garini halikugusa kitu, na picha nilizopiga zilipendeza mno.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Mbeya. Nilimpokea stendi ya Magufuli akiwa na gunia la mchele, ndoo mbili za parachichi, na mdogo wake wa kike ambaye hakuwa kwenye ratiba. Gari likakaa chini. Tulipopanda tuta la kwanza hakukuwa na neno. Tulipolishuka, nyuma pakatoa sauti ya mtu anayechana turubai.

"Baba, nini hicho?"

"Barabara, mama. Huku wanatengeneza."

Kutoka Mbezi hadi nyumbani nadhani kuna matuta kumi na kitu; kwa kila tuta barabara ilikuwa inatengenezwa. Kufika, mama mkwe akashuka, akainama taratibu, akaligusa tairi la nyuma begani, pale lilipoliwa likabaki na mfereji, akanusa kidole. "Barabara hii," akasema, "ina harufu ya mpira."

Nimeruka habari ya umri, ambayo kwenye matairi ya mtumba ndiyo yenye raha zaidi. Mnunuzi mzoefu huangalia nywele. Tairi likiwa bado na vile vinywele vya mpira vinavyosimama ubavuni, basi ni jipya, mjadala umefungwa. Lakini nywele hazioti mvi. Tairi likikaa stoo miaka tisa litatoka na nywele zake zote, na mpira umekakamaa kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati. Umri umeandikwa kwenye kijidirisha cha tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 0817 ni juma la 8 la mwaka 2017. Kijidirisha hicho mara nyingi huchapwa upande mmoja tu wa tairi, na muuzaji mwenye adabu atahakikisha upande huo unatazama ukuta. Watengenezaji wengi hushauri tairi likishapita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama meno yamejaa. Meno nayo usiyaamini haraka. Kuna matairi ya kuchongwa, kipara kilichotiwa kisu kikapata mistari upya, kikapakwa dawa ya kung'arisha. Ukiona jeusi kuliko gari lote, uliza anayelipaka ni nani.

Baada ya saizi kuna namba na herufi ambazo sijawahi kusikia zikitajwa dukani: kwa Vitz ni 81S. Hiyo 81 ni kwamba tairi moja linabeba kilo 462, ukijumlisha manne umepita tani moja na nusu, gari na mama mkwe na mchele. S ni ruhusa ya kwenda kilomita 180 kwa saa, ruhusa ambayo lita moja haina mpango wa kuitumia. Zisishuke chini ya hapo, basi. Kuhusu upepo sina la kusema, kwa sababu fundi pancha wa mtaani kwetu ana jibu moja kwa magari yote, kuanzia bajaji hadi Fuso: "Nimekujazia za kutosha." Kibandiko kile hutumia kPa, na 220 ni kama psi 32. Nilimtajia siku moja. Akaniuliza kama gari limepata mwenyewe mwingine.

Miezi mitano baadaye, beringi ya mbele kushoto ikiwa inavuma kama nyuki, nilirudi Gerezani na lile gari. Safari hii nilikuwa nimeufungua mlango wa dereva na kupiga picha kibandiko. Muuzaji hakunikumbuka. Nikamwambia nataka rimu za chuma, inchi 14, za Vitz.

Aliingia ndani akatoka na nne, zimefutwa vumbi. Bei aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko niliyodhani chuma kinaweza kufikia. Nikaipindua moja. Karibu na tundu la valvu palikuwa na doa la rangi ya kijani, kubwa kama shilingi, rangi ileile ya geti la nyumbani kwangu, ambalo nililipaka mwenyewe mwaka juzi gari likiwa limeegeshwa karibu mno. Nilikuwa nimewaachia rimu hizo siku ile. Walisema ni chuma chakavu, wangenisaidia kuzitupa.

"Zimetoka Japani juzi tu," akasema, akiigonga kwa fundo la kidole ilie. "Hazijawahi kufungwa Bongo."

"Zinakubali kwenye hii?"

Akalitazama gari langu, akazitazama rimu, akacheka kwa uchangamfu. "Bosi wangu, hizi hazikubali tu. Hizi ndizo zenyewe."