Heko, Mheshimiwa Vumbi

Wanaosifu safari humsifu simba, machweo na moto wa kambini. Anayewatangulia wote hao, na kubaki nawe hata wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, haambiwi hata asante. Leo namsifu mimi: Vumbi.

Hutupokea pale lami inapokomea, kwenye lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro. Tulikuwa tumejiandaa siku mbili Karatu ili twende kulala Ndutu, kwenye kambi isiyo na bomba, choo wala jirani. Gari lenye hema juu ya paa, spea tairi mbili, dizeli, kuni, na madumu sita ya lita 20, yaani kilo 120 za maji matupu. Mke wangu alitia sukari koponi, kopo akalitia kwenye ndoo, ndoo akaizungushia mkanda wa gundi. Jioni ya kwanza tukanywa chai, tukaitafuna.

Hodi hajui, kweli, lakini hana ubaguzi. Mzungu mwenye kamera ya mamilioni na utingo wa lori la mbuzi anawavika kanzu ya rangi moja. Nilipojitazama kwenye kioo cha pembeni nilimwona marehemu babu; nusura nimwamkie shikamoo. Ulinzi wake nao hauna mshahara: kambini hakuna mtandao, ila gari la wageni likiwa bado mbali sana, wingu lake lilituambia tuvae mashati.

Na asidhaniwe mzururaji asiye na ukoo. Karibu na Bonde la Olduvai liko tuta lake jeusi, mithili ya mwezi mwandamo, lililotokana na majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Upepo hulisogeza takriban mita 17 kwa mwaka. Sisi tulihitaji dizeli.

Hata mbuga tupu ya Ndutu, ambayo kila mpiga picha hudhani iliumbwa kwa ajili yake, ni kazi ya jamaa huyu. Majivu ya volkano yaligandamana chini ya udongo, mizizi ya miti ikashindwa kupenya, nyasi fupi zenye madini tele zikapata nafasi. Ndiyo maana nyumbu huja kuzalia huko kati ya Januari na Machi. Sisi tulikwenda Septemba, nyumbu wako kaskazini. Tukamwangalia mwenye mbuga peke yake, tena kwa karibu mno.

Lakini sifa yake kuu iko Laetoli, kusini mwa Olduvai. Miaka milioni 3.6 iliyopita, viumbe kadhaa waliokwenda kwa miguu miwili kama sisi walikatiza juu ya majivu yaliyolowa mvua. Hawakuacha chungu, kaburi wala jina. Majivu yakazishika nyayo zao, yakazitunza mpaka kikosi cha Mary Leakey kilipozikuta mwaka 1978. Lami ingemkumbuka nani?

Tuliporudi Karatu tulipeleka gari likaoshwe. Kwenye kioo cha nyuma mtoto fulani alikuwa ameshaandika kwa kidole, kwa herufi kubwa zilizopinda: NIOGESHENI JAMANI. Kijana wa kuosha akauliza aanzie wapi. Nikamwambia aanze na matairi.